Mvua Iliyofungwa kwa Tundu la Sindano

Watu hustaafu wakiwa na mvi. Mimi naondoka kwenye meza ya fundi nikiwa na miaka thelathini na nne, na zawadi ya kuniaga ni koleo dogo ambalo lilikuwa langu tangu mwanzo. Sidii zinakufa. Wateja sasa wanabebeana michezo ya kompyuta kwenye flashi, na hawahitaji mtu wa kuwachomea, yaani kuwanakilia, chochote. Ninyi wawili mnaobaki dukani mtatengeneza simu, na mtafanya vizuri. Lakini mmeniuliza mara nyingi kwa nini kwenye droo ya juu kuna sidii moja isiyouzwa, na kila mara niliwajibu kwamba imekwaruzika. Haijakwaruzika. Imetobolewa. Nitaeleza.

Nilifika kwa fundi Kioko mwaka wa 1999, si kutafuta kazi. Nilikuwa na digrii ya hesabu ambayo kwa miezi minane haikuwa imempendeza mwajiri yeyote, na nilikuwa nimebeba redio ya mama iliyokufa sauti. Duka lilikuwa palepale lilipo sasa, nyuma ya soko, kati ya fundi viatu na muuza mbegu. Kioko aliifungua redio, akanipa taa nimshikie, halafu akanipa chuma cha kusolda nimshikie, halafu akaenda kunywa chai. Aliporudi redio ilikuwa inaongea. Hakunisifu. Alivuta stuli ya pili, na hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Mchana huohuo alinituma nitoe waya kwenye droo. Nikafungua droo nyingine kimakosa na nikakuta sidii mamia, zimepangwa kama sahani, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya felti jina la mchezo na hakuna kingine. Nilishtuka. Chuoni tuliwahi kufukuziwa mwenzetu kwa kunakili ukurasa mmoja wa insha.

“Hizi ni za nani?” nilimuuliza.

“Zangu.”

“Nauliza waliozitengeneza. Nani alikupa ruhusa?”

“Hao wako ng’ambo. Hawajui hata Machakos iko upande gani wa Nairobi.”

“Kwa hivyo si wizi?”

Kioko hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. “Wizi ni nikichukua hiyo redio ya mamako. Kesho atakuwa hana redio. Hii nikichoma, mwenyewe bado ako nayo. Si ni wewe ulisoma hesabu? Niambie ametoka na ngapi.”

Nilitafuta jibu kwa siku kadhaa, kisha nikafanya jambo ambalo wasomi hulifanya wakikosa jibu: nikaamua kwamba swali limekwisha.

Kazi yenyewe nilijifunza kwa masikio kuliko macho. Sidii mbovu hulia kama nzi ndani ya chupa. Lenzi chafu hukohoa mara mbili kabla ya kukata tamaa. Lenzi husafishwa kwa pamba na spiriti, kutoka katikati kwenda nje, na mtu anayezungusha pamba kama anayesugua sufuria hafai kuachiwa mashine ya mtu. Mashine za michezo za wakati ule zilikuwa na mlinzi ndani yake: zilikataa sidii yoyote ambayo haikutoka kwa kampuni. Dawa yake ilikuwa chipu ya miguu minane, ndogo kuliko punje ya haragwe, ambayo tuliisolda kwenye bodi iwe inaidanganya mashine kwamba kila sidii ni halali. Mguu wa sita ndio uliokuwa ukivunjika. Nimevunja mingi.

Siku moja alikuja kijana anayeshona nguo za kuuzwa nje kwenye kiwanda kimoja cha EPZ Athi River. Dada yake alikuwa amemtumia mchezo halisi kutoka Ulaya, una karatasi zake zote, na mashine yake ilikuwa inaukataa. Nilidhani lenzi. Haikuwa lenzi. Mchezo ulikuwa umetengenezwa uchezwe katika nchi fulani tu, na mashine yake ilikuwa ya nchi nyingine. Mtu aliyelipa alikuwa amefungiwa mlango, na wa kumfungulia nilikuwa mimi na chipu yangu ya uongo. Jioni hiyo nilienda nyumbani nikiwa mwepesi. Niliona nimepata ushahidi niliokuwa nauhitaji: kufuli hizi ni dharau, na anayezivunja hana dhambi. Kwa miaka mitano sikuuliza tena. Na mimi ni mtu wa kuuliza. Mama alikuwa akisema nilimhoji hata padri aliyenibatiza.

Kuna kitu kimoja tu cha Kioko ambacho lazima nikitaje kabla sijaendelea, kwa sababu mambo yote yalipitia hapo. Alikuwa na sheria aliyoiita “picha ya kwanza”. Ukimaliza kuchoma sidii, unaiweka kwenye mashine, unangoja picha ya kwanza ya mchezo itokee, unaitoa, unauza. Hakuna kucheza kazini. Hapo duka zima lilikuwa halijui mchezo wowote zaidi ya mlangoni.

Mzee Munyao alianza kuja mwaka wa 2004. Alikuwa amevaa sweta ya kijani isiyobadilika na alikuwa ananunua sidii tupu kumi kumi. Kabla ya hapo alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani, yule wa kutembea mlima kwa mlima akiwaonyesha watu namna ya kuchimba fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, na mteremko unageuka ngazi inayoshika maji. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, alipunguzwa. Akachukua malipo yake ya kuagwa, akanunua kompyuta iliyotumika na kitabu, akajifundisha kuandika programu akiwa na miaka hamsini na kitu. Kila alipotoka kwetu alipitia kwa muuza mbegu, wabishane.

“Wewe msomi,” aliniambia siku moja, “unaweza kunieleza kwa nini hii programu inahesabu kutoka sifuri? Shambani hakuna mstari wa sifuri.”

Nilimweleza. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi.

Alikuwa anatengeneza mchezo. Uliitwa Shamba la Mteremko. Unapewa mlima mkavu, jembe na msimu mmoja. Ukichimba fanya juu vizuri, mvua ikinyesha maji yanakaa na mahindi yanamea. Ukichimba vibaya, udongo wako unaenda mtoni mbele ya macho yako. Alikuwa ameuandika kwa Kiswahili, na Kikamba kidogo kwa majina ya nyasi. Mtu huyu alikuwa amenyimwa milima, akajitengenezea mingine. Aliniambia mpango wake wazi: kamati ya walimu wakuu wa wilaya ilikuwa inatafuta kitu cha kuweka kwenye shule zilizopata kompyuta. Wakiuchukua mchezo wake, atakuwa afisa wa nyanjani tena, bila viatu kuisha. Wasipouchukua, hana mahali pengine pa kuupeleka.

Shule ya kwanza iliyoununua ilikuwa moja iliyo njia ya Matuu. Wiki ile ile mwalimu wao wa kompyuta, Bi Ndunge, alikuja kwetu na sidii hiyo ndani ya mkoba, imefungwa kwa kitambaa.

“Mwalimu mkuu anataka hii ikae kabatini,” alisema. “Niko na kompyuta kumi na watoto wenye vidole vya mafuta. Nichomee kumi, hii ya kweli irudi salama.”

Mmesoma shule zetu, mnajua. Kitu cha thamani hakitumiki, kinatunzwa. Globu iko kwenye plastiki. Mpira mpya uko chini ya kitanda cha mwalimu wa zamu.

Nilichoma kumi. Mashine yetu ilisita karibu na ukingo wa sidii, mahali palipokuwa hapasomeki, ikapaziba kwa utupu na kuendelea. Kioko alijivunia sana mashine hiyo kwa tabia yake ya kuziba. “Hii inaponya hata wafu,” alikuwa akisema. Picha ya kwanza ikatokea: mlima, jua, jembe. Nikachoma ya kumi na moja ya kuweka kwenye droo. Hakuna aliyeniomba. Ilikuwa mkono tu, mazoea.

Ile ya kumi na moja ilizaa nyingine za kuuza. Kwa miezi michache Shamba la Mteremko lilifika Kyumbi na miji mingine ya jirani, na wateja wakaanza kurudi na habari zake.

“Ule mchezo wa shamba ni mgumu,” mmoja aliniambia. “Nimechimba mlima wote. Mvua, hakuna.”

“Msimu wa pili je?”

“Wa pili hakuna. Wa tatu hakuna. Niliuza ng’ombe.”

“Hukudhani umeharibika?”

Alinishangaa. “Kuharibika aje? Si ni shamba la Ukambani?”

Hakuna aliyerudisha sidii. Kwingine kokote watu wangesema mchezo una kasoro. Hapa kwetu kwenye ukame walisema mwenye kuutengeneza anatujua. Wengine waliuita Kiangazi, na hata mimi niliandika hivyo kwenye nakala kadhaa, nikicheka.

Mzee Munyao aliingia dukani Jumanne moja asubuhi na hakusalimia, jambo ambalo mtu wa umri wake halifanyi. Mkononi alikuwa na barua.

“Kamati ilikutana pale shule ya njia ya Matuu,” alisema. “Wameona mchezo. Wanasema unafundisha watoto kukata tamaa. Wanasema mvua yangu hainyeshi.” Akaiweka barua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja. “Mvua yangu inanyesha. Haiwezi kukosa kunyesha. Isipokuwa kwenye sidii iliyochomwa.”

Kisha akatueleza, kwa sauti ile ya kufundisha watu mlimani, alichokuwa amekifanya. Kila sidii aliyoiuza alikuwa ameitoboa kwa sindano, karibu na ukingo. Mchezo ukianza, unajaribu kusoma mahali pale. Ukishindwa, unajua hii ni sidii yake yenye tundu, na mvua inaruhusiwa. Ukifaulu kusoma, unajua mtu amenakili na mashine yake imeziba tundu. Basi mvua inazimwa.

Nilikuwa nimeisikia mashine ikisita. Tulikuwa tumeisifu.

“Kwa hivyo nauliza,” alisema. “Ni nani alichoma?”

“Machakos ina mafundi wengi,” Kioko alisema.

“Wa kuchoma ni ninyi.”

“Mzee, sisi hatuijui hiyo shule.”

Nilikaa kimya. Ninaandika hivyo kwa sababu mtu akistaafu hupenda kujikumbuka akiwa jasiri. Nilikaa kimya hadi akaikunja barua, akaiweka mfukoni, akatoka. Hakupitia kwa muuza mbegu.

“Kwa nini umemdanganya?” nilimuuliza Kioko.

“Na wewe kwa nini hukumwambia ukweli? Ulikuwa hapo.” Alipuliza vumbi kwenye bodi. “Mwalimu mkuu akijua sidii zilitoka hapa, wataleta polisi. Watabeba mashine zote. Tutakula nini, digrii yako?”

“Ulisema mwenyewe bado ako nayo. Ulisema hajapoteza kitu.”

“Huyo nilisema ni wa ng’ambo.”

“Kwani hesabu inabadilika ukijua sura ya mtu?”

Kioko alichukua chuma cha kusolda. “Ukienda kumwambia,” alisema, “stuli utaiacha hapo hapo.”

Nilimkuta Mzee Munyao kwenye stendi ya magari ya kwenda Matuu. Nilimwambia pale pale, nimesimama, kwamba mikono iliyochoma ni hii. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba utingo alituuliza kama tunasafiri au tunaombana posa. Tulisafiri, kwenda shuleni kueleza. Njiani nilimuuliza swali lililokuwa linanikereketa.

“Kwa nini mchezo haukusema? Ungeandika tu kwamba hii ni nakala, nenda ununue.”

“Mwizi ukimwambia mlango umefungwa, ataleta ufunguo. Nyinyi mko na chipu zenu. Lakini ukimletea kiangazi, atachoka mwenyewe.”

“Hawakuchoka, Mzee. Walidhani ndivyo ulivyotaka. Walichoka na wewe.”

Tulishuka penye lango la shule.

Mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alitusikiliza akiwa amekunja mikono. Nilisema yote: nani alileta, nani alichoma, kwa nini mvua haikunyesha. Nilitarajia atume mtu kituo cha polisi. Badala yake alisimama, akatoa funguo, akafungua kabati la chuma, akatoa sidii iliyofungwa kwa kitambaa kile kile.

“Hii ni yako?” alimuuliza Mzee Munyao.

“Ni yangu.”

“Tuliinunua?”

“Mliinunua.”

“Na ulisemaje siku hiyo? Ulikuwa umesimama hapo.”

Mzee Munyao aliangalia sakafu. “Nilisema mnunue moja, itumike shule nzima.”

“Shule nzima iko na kompyuta kumi. Tundu ni moja.” Mwalimu mkuu hakupaza sauti. “Sasa nieleze, afisa. Kosa letu ni lipi? Kununua, au kuitunza?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa mashtaka yangu mwenyewe, na mashtaka haya yalinipita na kumpata aliyeibiwa. Mzee Munyao alikuwa na kompyuta moja nyumbani. Hakuwahi kuwaza chumba chenye kumi. Alikuwa amemtegea mwizi, na mtego ukamshika mteja wake wa kwanza, mwenye risiti. Na mimi niliyekuwa nimeapa kwamba kufuli zote ni dharau, kufuli ya kwanza ambayo mwenye kuiweka nilikutana naye, sikuwa hata nimejua kwamba nimeivunja.

“Tuiweke,” alisema Bi Ndunge, ambaye alikuwa mlangoni na uso wa mtu anayetaka ardhi ipasuke. “Tuione tu.”

Watoto wa darasa la saba walikuwa ndani ya chumba cha kompyuta. Bi Ndunge aliweka sidii yenye tundu kwenye mashine ya mbele na kumwambia msichana mmoja acheze kama kawaida. Alichimba haraka, kwa ustadi ulionishangaza. Mtaro, udongo juu, mtaro, udongo juu. Watoto wale walikuwa wamechimba mlima ule kwa muhula mzima bila tone moja. Akapanda. Akangoja, huku akiangalia nje dirishani, kama alivyozoea kungoja. Kisha skrini ikawa kijivu, na mvua ikaanza.

Maji yaliteremka mlima, yakafika kwenye ngazi ya kwanza, yakasimama. Yakajaza. Yakafika ya pili. Mzee Munyao alikuwa anasogeza midomo, anahesabu ngazi.

Msichana aliondoa mikono kwenye kibodi kama aliyechomwa. “Mwalimu,” alisema, “imeharibika.”

Hakuna aliyecheka. Nimesikia mambo mengi kazini, na hakuna lililonishtua kuliko hilo.

Mwalimu mkuu alitutoa nje. Alimpa Mzee Munyao mkono. “Ni kazi nzuri,” alisema. “Lakini wenzangu walishaona kiangazi na wakapiga kura. Siwezi kuwaita tena wanane niwaambie kwamba sasa inanyesha.” Kuhusu polisi hakusema neno. Nadhani aliona watu waliostahili kushtakiwa ni wengi mno, naye ni mmoja wao.

Nilirudi dukani kesho yake kuchukua koleo langu. Stuli ilikuwa mahali pake. Kioko alikuwa amekaa na bodi mbele yake.

“Mguu wa sita,” alisema, akanisukumia. Nikakaa, nikasolda.

Wiki mbili baadaye Mzee Munyao aliingia, akasalimia vizuri, akaweka sidii mbili mezani. Moja ilikuwa na tundu. Nyingine ilikuwa nzima.

“Hii nzima nimeitoa kufuli,” alisema. “Inanyesha popote. Chomeni.”

“Kuchoma?” nilisema. “Na wewe utapata nini?”

“Kuna watu hapa wilayani wanaamini nimesema mlima hauponi.” Alivuta sweta yake. “Hiyo ndiyo siwezi kulala nayo. Ile ya tundu kaa nayo wewe, ili usisahau kuuliza.” Kisha akaenda kwa muuza mbegu, na mara tukasikia mabishano kupitia ukutani.

Nilichoma moja. Picha ya kwanza ikatokea: mlima, jua, jembe. Sikuitoa. Kioko aliniona, akafungua mdomo kunikumbusha sheria, akaufunga. Nilichimba vibaya, udongo ukaenda mtoni. Nikaanza upya. Kioko alivuta stuli yake. Mara ya pili maji yalisimama kwenye ngazi zangu, na mahindi yakatoka.

“Kumbe hunyesha,” alisema.

Nikaitoa sidii, naye akachukua kalamu ya felti. Aliandika Shamba la Mteremko, taratibu kuliko kawaida yake, na hakurudisha kifuniko cha kalamu.

“Munyao nani?” aliniuliza. “Majina yake yote.”

Kwa karibu miaka miwili alikuwa amemuuzia mtu yule sidii tupu. Mimi nilikuwa nimeketi naye bega kwa bega hadi njia ya Matuu na kurudi. Hakuna kati yetu aliyeyajua. Kioko alisimama akatoka na kalamu mkononi, na kupitia ukutani nilisikia mabishano ya mbegu yakikatika, kisha sauti yake ikiuliza polepole, kwa heshima, kama mtu aliyekuja kuomba ruhusa.